Karai la Mzee Johana

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Fancy alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kukamua ng'ombe wao, mwenye mateke kuliko punda. Ya pili, ambayo ilianza mwaka ule wa 1998, ilikuwa kumchemshia kaka yake maji ya kunywa. Kuni zilikuwa zimelowa kwa sababu mvua ya El Nino ilikuwa imenyesha miezi na miezi, ikang'oa madaraja na kusomba udongo wa mashamba ya chai hadi mtoni. Fancy alipuliza moto huku akikohoa, machozi yakimtoka.

"Gibson, kwani wewe ni mtoto wa Mzungu?" alinung'unika. "Wenzako wanakunywa maji ya chemchemi na hawafi."

"Wanakufa, Fancy. Wewe chemsha tu."

Gibson hakuwa akitia chumvi. Kipindupindu kilikuwa kimezunguka nchi nyingi kabla ya kufika Kenya, na sasa kilikuwa kimepanda hata kwenye vilima vya karibu na Mogogosiek, ambako watu walijidanganya kwamba baridi ingewalinda. Mtu alianza kuhara na kutapika asubuhi, na jioni macho yake yalikuwa yameingia ndani. Gibson alikuwa amemaliza kidato cha nne. Yeye na rafiki yake Steve walijiunga na vijana wa kanisa waliojitolea kuchimba vyoo katika maboma yasiyokuwa navyo. Hawakulipwa hata chai.

Siku ya kwanza, Sista Rebeccah, muuguzi wa zahanati, aliwaita akawapa masharti. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha.

"Nyinyi mnaingia mahali penye ugonjwa," aliwaambia. "Kila mtu abebe maji yake na chakula chake. Usile wala usinywe kwenye boma unalofanyia kazi. Ukinawa, mwenzako akumiminie maji kwa jagi, na utumie sabuni. Nisisikie mtu ametumbukiza mikono kwenye karai moja na watu wengine! Mmenisikia?"

"Tumesikia, Sista!"

Walisikia, ndiyo. Lakini masharti yale yaligongana na desturi. Katika kokwet yetu, yaani ujirani wetu, mtu akikufanyia kazi humwachi aende na njaa. Unamsongea ugali, unammiminia mursik, maziwa yetu ya kibuyu, na akikataa amekutukana. Kabla ya kula, karai la maji huzungushwa. Mkubwa hunawa kwanza, kisha anayemfuata, hadi wa mwisho, maji ni yaleyale. Ukiomba maji mengine, ni kama umetangaza kwamba aliyenawa kabla yako ni mchafu.

Basi maneno yakaanza. Vijana wa Sista wanaringa. Vijana wa Sista wanatuona sisi takataka. Hata shuleni Fancy hakupumzika.

"Kaka yako siku hizi anaogopa ugali wa watu," Cheptoo, mwanafunzi mwenzake wa darasa la saba, alimwambia mbele ya wasichana wote. "Ama anangoja mkate na siagi?"

Wasichana wakaangua kicheko. Fancy alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jumamosi iliyofuata, vijana walikuwa wakichimba choo kwa Mzee Johana, babu yake Cheptoo, mzee wa kanisa aliyeheshimiwa na wote. Mama yake Fancy alimtuma ampelekee Gibson mahindi na maharagwe. Alipofika, kazi ilikuwa imekwisha. Vijana walikuwa wamekaa kwenye nyasi, matope hadi magotini. Jagi la Sista na kipande cha sabuni vilikuwa kando ya ukuta.

Mzee Johana alitoka akiwa amevaa koti lake la Jumapili. Nyuma yake mkewe alibeba karai la maji, na Cheptoo alibeba sufuria ya ugali. Mzee alinawa mikono polepole, akajipangusa, kisha akamsukumia Gibson karai.

"Asante sana, Mzee," Gibson alisema, ameinamisha kichwa. "Lakini tumebeba chakula chetu."

"Chakula chenu? Kwani mko safarini? Hapa ni kwangu!"

"Mzee, ni masharti ya Sista."

"Sista amezaliwa juzi!" Mzee Johana alimgeukia Steve. "Na wewe, kijana wa Mama Nyaguthii? Miaka hii yote, bado mnatuona sisi wageni?"

Alisema akicheka, lakini uso wa Steve ulibadilika. Mama yake alikuwa ametoka Nyeri zamani akafungua duka pale sokoni, na Steve alizaliwa hapohapo. Alizungumza Kikipsigis, lugha yetu, vizuri kuliko baadhi yetu. Hata hivyo, wakati wa fujo za kikabila za miaka michache nyuma, watu walivunja dirisha la duka lao na kuwaambia warudi kwao. Waliovunja walikuwa majirani. Hakuna aliyewahi kuomba msamaha, kila mtu alijifanya amesahau.

Kule mlangoni Cheptoo alikuwa akimtazama Fancy na kutabasamu. Fancy alihisi uso ukimchoma kwa aibu.

"Gibson, nawa tu!" alisema kwa sauti. "Mbona unatuaibisha?"

Gibson alisita. Steve hakusita. Alisogea, akatumbukiza mikono kwenye karai la Mzee Johana, akasugua vidole kwenye maji yale ya vumbi.

"Sisi si wageni, Mzee," alisema. "Leta ugali."

Basi Gibson naye akanawa, na wengine wakafuata. Walikula kwenye sahani moja, wakapokezana kikombe kimoja cha mursik, na mke wa Mzee alikisuuza kwenye karai lilelile. Mzee Johana alifurahi, akawaombea baraka. Fancy alirudi nyumbani na chakula chake, kifua mbele.

Jumapili asubuhi Gibson hakuweza kusimama. Alihara maji meupe kama maji ya mchele. Fancy alikumbuka Sista alivyowafundisha shuleni. Alichukua lita ya maji yaliyochemshwa, akatia vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, akamnywesha kaka yake kidogo kidogo. Akitapika, alingoja, akamnywesha tena. Baba yao alikimbilia zahanati kutafuta msaada. Kufikia adhuhuri Gibson alifungua macho.

"Steve," alisema. "Kuna mtu amemwangalia Steve?"

Hakukuwa na mtu. Mama Nyaguthii alikuwa amekwenda Kericho kuchukua bidhaa, na barabara ilikuwa imekatika. Duka lilikuwa limefungwa, na kwa kuwa ilikuwa Jumapili, hakuna aliyeshangaa. Fancy alikimbia hadi sokoni, akazunguka nyuma ya duka, akasukuma mlango. Steve alikuwa sakafuni karibu na mtungi mtupu. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imejikunja.

"Maji," alisema.

Fancy alipiga mayowe. Watu walikuja, lakini walisimama mbali, mikono mdomoni. Hata vijana waliokula naye sahani moja jana yake waliogopa kumgusa. Ni Sista Rebeccah aliyefika mbio na glavu zake, akawafokea hadi wanne wakatafuta ngazi ya kumbebea. Lori la kubeba majani chai lilikuwa limekwama kwenye matope, kwa hiyo walikwenda kwa miguu kuelekea hospitali. Steve alikata roho njiani.

Mazishi yalikuwa ya haraka, kwa amri ya maafisa wa afya. Mama Nyaguthii aliwahi tu kuona udongo ukirudishwa. Baadaye Sista aliwakusanya watu wa kokwet nje ya kanisa, kila mmoja mbali na mwenzake.

"Ugonjwa huu ulitoka wapi?" aliuliza. "Nani alikuwa mgonjwa akafichwa?"

Ghafla Cheptoo akaanza kulia.

"Ni mdogo wangu," alisema. "Alikuwa anahara tangu Alhamisi. Tuliambiwa tusiseme."

Mzee Johana alivua kofia. "Nilijua," alisema. "Sasa mtoto amepona. Lakini niliogopa mkisikia mtatukimbia. Mkono uliomwosha mtoto ndio uliobeba karai."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Sista alisema kwa uchungu. "Wewe, Mzee, kifo kimemchukua mtoto wa mwenzako!"

Fancy hakuweza kuvumilia tena. Alimwendea Mama Nyaguthii. "Mama Steve, hata mimi nilisema wanawe kwenye karai lile. Nilisema wanatuaibisha. Nisamehe."

"Nimekusikia," Mama Nyaguthii alisema. Hakuongeza neno la kumfariji. Kisha akawageukia watu. "Mwanangu alinawa katika karai lile ili mumhesabu kuwa wenu. Haya, amelala katika udongo wenu. Sasa mhesabuni."

Siku hiyohiyo wazee walikubaliana: hadi ugonjwa uishe, mtu yeyote asiwape vijana wa kujitolea chakula wala kinywaji, na anayeficha mgonjwa atatozwa faini. Shukrani itolewe kwa kishada cha nyasi mbichi, ambacho tangu zamani kwetu ni ishara ya amani na baraka. Mzee Johana mwenyewe aliomba kazi ya kushika jagi. Katika kila boma walimochimba choo, alisimama na koti lake, akawamiminia vijana maji mikononi, mmoja mmoja. Wengine walimcheka, naye aliwaacha wacheke. Tangu siku hiyo hakuna kijana mwingine wa kujitolea aliyeugua, na mvua zilipokwisha, kipindupindu nacho kiliondoka kwenye vilima vyetu.

Gibson alipopata nguvu na kurudi kazini, Fancy alimsindikiza hadi zahanati kuchukua sabuni. Sista Rebeccah alimshika bega.

"Mwanangu, heshima ni jambo zuri," alimwambia. "Lakini heshima inayoua si heshima. Mtu akija kukusaidia wakati wa ugonjwa, usimpime kwa kula chakula chako. Mlinde, mrudishe kwa mama yake akiwa mzima. Hiyo ndiyo shukrani, na ukichekwa kwa ajili yake, chekwa."

"Ndiyo, Sista," Fancy alijibu.

Walipita sokoni wakirudi. Mama Nyaguthii alikuwa amefungua duka, anampimia mteja sukari. Gibson alimsalimia, naye akaitikia, kisha akatazama nyuma ya Gibson, barabarani, kama mtu anayengoja wa pili.