Pampu ya Injinia

Kinyozi mmoja alipenda sana kuunda vitu vya umeme. Wateja wake walimwita Injinia, na jina hilo likamvimbisha kichwa. Nyumbani aliweka taa ya barazani inayowaka yenyewe giza likiingia. Ilifanya kazi vizuri. Mke wake, fundi cherehani, aliipenda.

Kisha akaja na jipya. Alitaka kuwasha na kuzima pampu ya maji kwa simu. Alinunua swichi ndogo inayosikiliza simu, akaifunga mwenyewe Jumapili mchana.

"Umemuuliza fundi umeme?" mke alimuuliza.

"Kwani mimi ni nani?" alijibu, akicheka.

Siku nne baadaye, asubuhi, mama yake kinyozi, aliyeishi nao, alikwenda kuchota maji. Alipogusa bomba la chuma, umeme ulimtupa chini. Mkwewe alisikia kishindo, akaacha nguo kwenye cherehani. Alikimbilia kwanza swichi kuu ukutani, akazima umeme wa nyumba nzima. Ndipo akamshika mama.

Mama alikuwa hai. Zahanatini walimfunga bandeji vidole vilivyoungua.

Jirani yao alikuwa mwanamke fundi umeme. Mke alimwita. Kinyozi alisimama kando wakati fundi akifungua pampu. Swichi ndogo ilikuwa imeyeyuka. Waya ulikuwa umechunika na kugusa chuma cha pampu, kilichoungana na bomba.

"Shemeji, swichi hii ni ya taa," fundi alisema. "Pampu ikianza kuzunguka huvuta umeme mwingi mno. Waya wa ardhi uko wapi?"

"Sikuuweka."

"Na swichi ya usalama, ile inayokata umeme ukivuja?"

Kinyozi alitazama chini. "Ilikuwa inakatakata kila mara. Nikairuka. Niliunganisha moja kwa moja."

Mke hakuwa akijua hilo. Midomo ilimcheza kwa hasira.

"Swichi ilikuwa inakuambia kuna hatari," alisema, "wewe ukaiziba mdomo. Mama yako mzazi. Ungemzika kwa sababu ya sifa za kinyozini?"

"Sikudhani..."

"Ndiyo. Hukudhani."

Fundi hakumtetea. "Mkeo ana haki ya kukasirika. Hata mimi nimekasirika. Kila mwezi naitwa kwenye nyumba kama hii, na wengine nawakuta wameshakufa. Sasa nisikilize. Vitu vya betri jifunzie upendavyo. Tengeneza kengele ya kukuambia tangi limejaa, au taa ya kabatini. Lakini kazi ya umeme wa ukutani, ichore kwenye karatasi, uniletee, nami niifunge."

Kesho yake kinyozi alileta mchoro. Fundi aliusahihisha kwa kalamu nyekundu mara tatu. Kisha akafunga swichi kubwa ya pampu, iitwayo kontakta. Swichi mpya ya simu ingeiamrisha tu. Mzigo wa pampu ungebebwa na kontakta. Aliweka boya ndani ya tangi, ili maji yakijaa pampu izimike hata simu ikiwa imekufa. Vyote alivitia kwenye sanduku lisiloingia maji. Alichimbia waya wa ardhi na kurudisha swichi ya usalama.

"Hiki ni kitufe cha kujaribia," alimwambia mke. "Kibonyeze kila mwezi. Umeme usipokatika, niite siku hiyohiyo."

Mke alikibonyeza. Umeme ulikatika. Akaurudisha, akakibonyeza tena.

Walizima simu, wakawasha pampu kwa mkono. Tangi lilipojaa, pampu ilinyamaza yenyewe. Kinyozi alimgeukia mama yake. "Mama, sasa ni salama. Unaweza kuchota."

"Shika bomba wewe kwanza," mama alisema.

Fundi alipima bomba kwa kifaa chake, akaitikia kwa kichwa. Kinyozi alilishika kwa mikono miwili. Mama alimwacha amesimama hivyo, amelishika, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akamsogezea ndoo kwa mguu.

"Basi jaza," alisema. "Na kuanzia leo, mpaka vidole vyangu vipone, maji ya nyumba hii utachota wewe."

Mkewe alileta ndoo nyingine mbili.