Injini ya Kinu Yaenda Msasani

Nyumbani kwa Fakihi, kule Kimbiji, kila kitu kilinuka petroli. Shuka zilinuka petroli. Taulo lilinuka petroli. Siku moja Nunu, mkewe, alionja mchuzi aliopika kwa mikono yake mwenyewe. Akauliza kama sufuria ilipitia kituo cha mafuta.

Fakihi alikuwa na boti ya mbao. Kila asubuhi alinunua samaki wa wavuvi pale ufukweni, akawapanga kwenye deli la barafu, akawapeleka kwa njia ya bahari hadi Msasani. Barabara ya Kimbiji mvua ikinyesha ni mashimo matupu. Samaki wakipita huko hufika wamechoka kuliko dereva. Kwa hiyo boti ndiyo ilikuwa gari la nyumba hii.

Nyuma ya boti ilipachikwa mashine ya petroli. Mashine hiyo ilikuwa mlevi. Kwenda na kurudi ilikunywa madumu matatu, na bado ilizima njiani ikajidai ina kiu. Madumu yalikaa humo humo botini, ubavuni mwa deli. Yalimwagika kila wimbi lilipopiga. Naye Ismail, mdogo wake Fakihi, alibandika chai kwenye jiko la mkaa hatua tatu tu kutoka kwenye madumu.

"Shemeji," Nunu alimwambia, "kuna siku utachemka wewe badala ya chai."

"Mie nimezoea. Petroli inanijua."

"Inakujua, ndiyo. Siku ikikuita, itakuita kwa jina."

Jumatatu moja Fakihi alirudi na samaki wote aliokuwa amewapeleka. Aliweka deli chini. Nunu akafunua mfuniko. Harufu ilimpiga akarudi nyuma.

"Bwana Mazin amewakataa," Fakihi alisema. Mazin alikuwa na duka la samaki Msasani, naye ndiye mnunuzi wao mkubwa. "Amesema samaki wake wanaliwa na watu, hawawekwi kwenye pikipiki. Tena nimefika saa sita, barafu imekwisha. Amenipa mwezi mmoja. Nilete samaki safi, kabla ya saa nne asubuhi. Nikishindwa, anatafuta mtu mwingine."

"Sasa?"

"Sasa nauza boti. Nakwenda Mbezi Luis kuendesha bodaboda. Pale stendi abiria hawaishi."

"Uendeshe wewe? Baba Arwa, baiskeli ya mwanao ilikutupa kwenye kisamvu, tena mbele ya mashahidi."

Nunu alicheka, lakini alicheka mdomoni tu. Mbezi Luis ni mbali. Mume akienda huko atapanga chumba. Atakuja nyumbani kama mgeni, na mfuko wa machungwa mkononi. Boti itakuwa ya mtu mwingine, naye atabaki na deli tupu. Hilo alilikataa palepale, ila hakumwambia.

Kesho yake alijitwika mahindi akaenda kuyasaga kinuni kwa Yuliana. Yuliana alikuwa mama wa miaka sitini, mtu wa Masasi, na kinu alikiendesha mwenyewe. Umeme ulipofika mtaani alinunua mota. Injini yake ya zamani ya dizeli aliiweka pembeni, akaifunika magunia. Kila wiki aliifuta na kuipaka grisi.

"Shikamoo, Mama Herieth. Hii injini mbona huiuzi?"

"Marahaba. Nimeishi nayo miaka kumi na moja. Baba Herieth niliishi naye tisa. Na hii haikuwahi kuniuliza nimetoka wapi."

Nunu alimweleza yote, ya samaki, ya Mazin na ya Mbezi Luis. Yuliana alisikiliza huku akikung'uta unga kwenye nyusi.

"Petroli hutoa mvuke," alisema. "Mvuke huo huuoni. Ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hushuka ukalala sakafuni mwa boti. Unangoja cheche moja tu. Dizeli haina haraka hiyo. Nayo inaweza kuwaka, usije ukaichezea, lakini si kwa mvuke wa kujificha. Halafu hainywi sana. Kwa kazi ile ile, utatumia kama nusu ya mafuta."

"Kwa hiyo injini ya kinu inaweza kusukuma boti?"

"Bahari itajuaje ilikuwa inasaga nini?"

Fakihi aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. Lakini alikuwa na siku ishirini na nane tu, na kicheko hakipeleki samaki Msasani. Waliuza ile mashine ya petroli kwa mtu wa Buyuni, na kwa fedha hizo Yuliana akakubali kuwauzia injini yake. Wakamwita Gozbert, fundi wa boti kutoka Mbagala.

Fakihi alidhani kazi ni ya asubuhi moja. Toa ile, tundika hii.

"Kaka, hii si balbu," Gozbert alimwambia. "Injini hii ina uzito wa watu watatu walioshiba. Ukiitundika nyuma, boti itakaa kama mbwa. Inakaa ndani, chini, karibu na katikati. Tunaijengea kitanda cha mbao ngumu, tunakifunga kwa bolti kwenye mataruma, zile mbavu za boti."

"Na pangaboi? Lile langu la zamani bado zima kabisa." Pangaboi ni lile feni la chini ya maji linalosukuma boti.

"Zima, lakini dogo. Petroli huzunguka mbio, kwa hiyo hutosheka na pangaboi dogo. Dizeli huzunguka polepole kwa nguvu nyingi. Inataka pangaboi kubwa. Ukiipa dogo, itapiga kelele tu na boti haiendi."

"Tangi, je? Tangi si lile lile?"

Yuliana alikuwa amekuja kuiaga injini yake. Akadakia: "Thubutu! Tangi la petroli huwezi kulirithisha. Petroli ikichanganyika na dizeli inaharibu pampu. Nunua tangi jipya, weka na chujio la kukamata maji."

Kazi ilichukua wiki mbili na nusu. Gozbert alitoboa nyuma ya boti, akapitisha mtaimbo wa kuzungusha pangaboi, akaziba vizuri maji yasiingie. Aliweka pampu ndogo ya kuvuta maji ya bahari ili yapoze injini. Mwisho akaja mkaguzi wa vyombo vya majini. Alikagua kila bolti, akahesabu maboya ya kujiokolea, akaandika kwenye cheti kwamba injini imebadilishwa. Jiko la mkaa alilitazama, akamtazama na Ismail. Jiko likashushwa.

Walipoiwasha mara ya kwanza, ufukwe mzima ulijaa watu. Tu-tu-tu-tu! Mlio ulikuwa ule ule wa kinu.

"Fakihi!" mmoja alipaza sauti. "Mie nina debe mbili za mahindi, unakoboa au unasaga tu?"

"Pitisheni na mtama!" mwingine akaitikia.

Ismail aliona aibu akavuta kofia mpaka kwenye pua. Lakini boti ilikwenda. Waliizungusha mbele ya kijiji siku tatu, wakaizoea.

Siku ya mwisho ya ule mwezi wa Mazin ikafika. Saa kumi na mbili asubuhi deli lilikuwa limejaa changu na nguru, barafu juu, barafu chini. Nunu alipanda botini na mtandio wake kichwani.

"Unakwenda wapi?" Fakihi aliuliza.

"Msasani. Leo hakuna atakayewanusa samaki hawa kabla yangu."

Safari ilikuwa ya saa tatu na ushee. Injini ilipiga mdundo mmoja, haikudai chochote. Walipovikaribia visiwa vya Sinda, Nunu alichungulia tangi. Dizeli ilikuwa imeshuka sana.

"Baba Arwa, mimina dumu sasa."

"Acha ikohoe kwanza. Ikikohoa ndipo tunajua mafuta yamekwisha. Tumefanya hivyo miaka kumi na nne."

Na ni kweli. Kwa petroli wote Kimbiji walifanya hivyo. Mashine ikikohoa, unachomeka dumu jingine, unavuta kamba, unaondoka. Hakuna tone lililobaki.

Injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikazima. Fakihi akamimina dumu zima la dizeli kwenye tangi, akakaa akisubiri shukrani. Ismail akazungusha hendeli ya kuwashia. Kimya. Akazungusha mpaka jasho likamwingia machoni. Kimya.

Maji yalikuwa yakiwasukuma kuelekea njia ya meli zinazoingia bandarini. Mbele yao meli ya makontena, kubwa kama mtaa, ilipiga honi. Ilikuwa bado mbali, lakini meli ya namna ile haikwepi mtu.

Fakihi alichukua kasia akaanza kuvuta kuwarudisha pembeni. "Saa ngapi?"

"Saa tatu kasoro robo," Nunu alisema. Alikuwa ameshika simu sikioni. "Mama Herieth! Injini imezima!"

"Sikusikii! Ngoja nizime mota!" Nyuma yake watu wa mahindi walilalamika. "Nyamazeni nyie, kuna watu baharini! Haya sema. Mafuta mnayo?"

"Tumejaza sasa hivi. Tangi lilikauka."

"Nani aliliacha likauke?"

Nunu alimtazama mumewe mgongoni. "Kuna mtu."

"Huyo mtu nisalimie. Sasa sikia. Tangi la dizeli likikauka, hewa inaingia kwenye mpira wa mafuta. Pampu inabaki kusukuma hewa. Mtazungusha hendeli mpaka Idi. Lazima kwanza muitoe hewa. Shika spana namba kumi na saba."

"Ninayo."

"Fuata mpira kutoka kwenye tangi mpaka unapoingia kwenye pampu. Kuna nati. Usiifungue yote, ilegeze tu. Weka kopo chini, usichafue bahari. Kinatoka nini?"

"Povu! Kama la soda."

"Hiyo ndiyo hewa. Iache itoke. Ukiona mafuta matupu, bila povu, kaza."

Nunu alipiga magoti kwenye sakafu ya boti. Povu lilitoka, likapungua, likabaki uzi mwembamba wa dizeli. Akakaza.

"Sasa panda juu, kwenye nozeli, pale mafuta yanapoingilia ndani ya injini. Nati ya lile bomba la chuma, ilegeze nusu mzunguko. Usiweke mkono wala uso mbele yake. Dizeli inatoka pale kwa nguvu ya kutoboa ngozi. Mwambie Ismail azungushe taratibu."

"Shemeji, zungusha."

"Leo kweli nasaga," Ismail alisema akihema. Alizungusha mara moja, mara mbili, mara tano. Nunu alitazama kutoka ubavuni. Kwanza palitoka mate tu. Kisha, chwi! Chwi! Mafuta yakaruka. Akakaza nati, akainua kidole.

"Sasa izungushe kama unaidai!"

Ismail alizungusha kwa mwili wote. Injini ikasema tu. Ikanyamaza. Ikasema tu, tu, tu. Halafu ikasema tu-tu-tu-tu bila kukatika. Kwenye simu Yuliana aliisikia.

"Huyo! Huyo ni wangu!" alipiga kelele, na kinu kizima kikapiga vigelegele.

Fakihi alitupa kasia, akashika usukani. Meli ya makontena ilipita nyuma yao, mawimbi yake yakawainua juu na kuwashusha. Nunu hakushika popote. Alikuwa na spana mkono mmoja na simu mkono mwingine, na alicheka kwa moyo wote.

Walifunga kamba Msasani saa nne kasoro dakika saba. Mazin alikuwa mlangoni, saa yake mkononi. Hakusalimia. Alifunua deli, akainama mpaka pua ikagusa barafu. Alivuta pumzi moja ndefu.

"Hawa wananuka," alisema.

Fakihi alifumba macho.

"Wananuka samaki," Mazin alimalizia, akacheka peke yake, kwani wenzake bado walikuwa hawajapumua. "Mashallah! Wapimeni wote. Kesho mnakuja saa ngapi?"

"Kama leo," Fakihi alijibu. "Na keshokutwa. Boti ipo, na mie nipo."

Mazin alimtazama Nunu, mikono myeusi kwa dizeli mpaka viwikoni. "Na huyu?"

Wapo wanaume ambao jibu hili lingewakwama kooni siku nzima. Fakihi lilimkwama kidogo tu.

"Huyo ndiye fundi wangu," alisema.

Tangu siku ile samaki wa Kimbiji hufika Msasani kila asubuhi kabla ya saa nne. Dumu la akiba ni moja, nalo hufungwa mbali na deli. Tangi hujazwa likifika nusu. Kabla ya mwaka kwisha, boti nne nyingine za Kimbiji zilikuwa zimewekewa dizeli, na watu wenye mahindi walikoma kupiga kelele ufukweni.

Kila Jumamosi manahodha hao hukaa kwenye benchi la kinuni. Yuliana huwaletea injini kuukuu ya kufundishia. Nunu husimama mbele yao na spana.

"Kwanza niambieni," huwauliza, "nani kati yenu husubiri mpaka ikohoe?"

Wanaume wote hutazama viatu vyao, Fakihi akiwa wa kwanza.

"Vizuri," husema Nunu. "Basi sogeeni karibu, tuanze na nati ya chini."