Unga wa Kinga kwenye Chai ya Mama

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chiriku alimtungia mama yake uzi kwenye sindano ya cherehani. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mama alikuwa fundi wa sare za shule, lakini vidole vyake vilikufa ganzi kwa ugonjwa wa neva uitwao MS.

Kisha Chiriku alimpelekea chai. Humo alikoroga, kwa siri, kijiko cha unga aliopewa na jirani muuza mitishamba.

"Unaongeza kinga," jirani alimwambia. "Askari wa mwili wakiwa wengi, ugonjwa utapita wapi?"

Wiki ya tatu, mguu wa mama ukagoma kukanyaga pedali. Wakaenda hospitali.

"Kuna dawa nyingine unayotumia, mama?" daktari aliuliza.

"Hakuna, daktari."

Chiriku aliinamisha kichwa.

"Huyu akinyamaza," mama alicheka, "ujue kuna jambo!"

Daktari akaeleza taratibu. "Waya wa pasi yako una ganda, sivyo? Neva nazo zina ganda. Seli za kinga ni askari wa mwili. Zipo na seli za kudhibiti, zinazowaambia askari, 'Basi, huyo ni wa kwetu!' Kwenye MS, hizo hazifanyi kazi barabara, na askari hulitafuna ganda la neva."

"Kwa hiyo askari wakiongezwa?" Chiriku aliuliza.

"Mama hajapungukiwa askari, binti. Amepungukiwa wa kuwatuliza."

Chozi likamdondoka. "Nimekuwa nikimtilia unga wa kinga kwenye chai. Nilitaka apone, nimshangaze."

Mama alimgeukia. Daktari akaweka kalamu chini. "Siwezi kusema unga ndio uliomzidishia; dalili za ugonjwa huu huja na kuondoka. Ila ungenyamaza, ningempa dawa juu ya kitu nisichokijua. Umefanya vyema kusema."

Unga ukaachwa, matibabu yakaanza. Baada ya majuma kadhaa mguu ukarudi kwenye pedali, polepole, na cherehani ikaunguruma tena. Siku hizo zote Chiriku alikuwa akitunga uzi bila neno.

"Mwanangu," mama alisema, "nia njema peke yake haitibu. Ukimpenda mgonjwa, muulize kwanza. Na ukikosea, sema mapema." Akamsogezea kigoda. "Haya, nipe habari za shule. Nyumba imepoa mno bila mdomo wako."