Malalo

Mwalimu alilisikia jiwe kabla ya kuliona. Liligonga chini ya gari mara moja tu, na oili ikaanza kumwagika juu ya lava iliyoganda. Shemeji yake, aliyekuwa fundi wa magari kwa miaka thelathini, akajipenyeza uvunguni. Alipotoka, mkono ulikuwa mweusi na goti limechanika.

"Sampu ya oili imepasuka. Gari haliendi popote."

"Wewe si fundi?"

"Fundi, shemeji. Si mganga."

Walikuwa wametoka asubuhi kwa vicheko, mwalimu mstaafu wa historia na mdogo wa marehemu mumewe, kuitazama milima iliyowahi kutema moto. Kwa miaka mingi mwalimu alikuwa akiwafuatilia wapagazi wa chumvi, watu ambao hakuna aliyeona haja ya kuwaandika. Katika ramani chakavu alikuta neno moja katikati ya lava: Malalo. Daftarini mwake akaandika, kwa wino na bila wasiwasi, "kambi ya mapumziko".

Simu hazikushika mtandao. Maji yalibaki lita mbili. Barabara ya malori ya kokoto ilikuwa ng'ambo ya vilima, na Malalo ilikuwa njiani. Shemeji akajitupia begani kamba ya kuvutia magari, maana haachi kamba hata akienda harusini, wakaanza kutembea.

Lava ilikata soli. Upepo wa moto uliwakausha midomo. Damu ya goti ilishuka hadi kwenye kiatu, na fundi akaacha utani, jambo lililomtisha mwalimu kuliko damu yenyewe.

Saa tisa wakafika kwenye bonde dogo, kina chake kimo cha mtu, lenye kivuli. Ukingoni yalipangwa mawe bapa kumi na manne, yote yakielekea upande mmoja. Mwalimu alifurahi waziwazi, uchovu ukamtoka.

"Vitanda vyao hivi! Shuka ukapumzishe mguu. Wapagazi walilala hapa, nawe lala kidogo."

Fundi akaiacha kamba ukingoni, akashuka, akaketi. Mwalimu akabaki juu akiyapima mawe kwa shubiri. Akasikia kiberiti cha sigara kikikwaruzwa, kisha tena, kisha tena.

"Viberiti vya siku hizi bure kabisa," fundi akalalamika. "Vinazima vyenyewe."

Huko chini hapakuwa na upepo. Mwalimu akageuka polepole. Karibu na kiatu cha shemeji yake alilala ndege, mabawa wazi, mzima kama aliyetua sasa hivi. Hakuna sisimizi aliyemgusa. Hakuna hata nzi.

Hewa yenye sumu ya volkano ilikuwa imetuama bondeni, na hapo neno likamgeukia. Alilisoma kama mtu mwenye usingizi. Waliopapa mahali hapo jina walikuwa wakizika.

"Shemeji, simama!"

Kichwa cha fundi kilikuwa kimeinamia kifua.

Alivuta pumzi hadi mbavu zikauma, akaibana, akashuka na kamba. Akapitisha kamba chini ya makwapa ya fundi. Macho yakaanza kuona giza. Akapanda kwa magoti, akahema, akaizungusha kamba kwenye jiwe mojawapo na kuvuta, akijilaani kwa sauti. Mikono ilichunika. Fundi alipanda kidogo kidogo kama gunia, mpaka uso wake ukafika kwenye upepo. Akakohoa. Mwalimu alilia bila kuona haya.

Walifika barabarani wakishikana, jua likizama. Dereva wa lori la kokoto aliwapa maji, akauliza walikopitia. Walipomwambia, aliwatazama mmoja mmoja, akafungua mlango.

Ndani ya lori mwalimu alitoa daftari, akakata yale maneno matatu. Badala yake akaandika: "Makaburi kumi na manne." Pembeni yake macho ya fundi yalikuwa yakifumba. Akamfinya.

"Shemeji, niache nilale."

"Utalala nyumbani."

Akamfinya njia nzima.