Kibao Chekundu cha Chumba cha Jirani

Fundi seremala alifia kitandani, kidonda chake cha upasuaji kimevimba na kujaa usaha. Mtu aliyeingia hospitali kwa miguu yake mwenyewe, tena akiwatania wauguzi! Maabara ikasema ameuawa na bakteria sugu, wale wasiosikia dawa. Wodi nzima mwenye bakteria hao alikuwa mmoja tu: mshonaji aliyetengwa chumba cha jirani, Mama Vifungo.

Inspekta, ambaye wenzake walimwita Sumaku kwa kung'ang'ania kwake, alianza na muuguzi mkuu.

"Bakteria wametokaje kule mpaka huku?"

"Kwa mikono ya mtu, afande. Mlango wa aliyetengwa hutundikwa kibao chekundu. Ukikiona, unavaa gauni na glavu, na ukitoka unaviacha mle mle. Kibao kikiondolewa, ina maana daktari ameruhusu. Mimi nilirudi kutoka likizo nikakuta hakipo, nikatundika kingine. Mhudumu ndiye aliyekitupa, apate kukwepa usumbufu wa kuvaa."

Mhudumu alikuwa amefungiwa stoo ya mashuka, akilia.

"Ulimshika Mama Vifungo mikono mitupu?"

"Ndiyo. Sikukuta kibao, nikajua amepona. Nikampa na hongera."

"Halafu ukaenda kwa fundi?"

"Kengele yake ilikuwa inalia. Nilinawa harakaharaka, nikamgeuza, nikamshikilia bandeji iliyolegea."

"Na kibao?"

"Haki ya Mungu sijakigusa, afande. Nikifungwa, wanangu nitamwachia nani?"

Wodi ilikuwa imepekuliwa hadi mapipa ya taka, isipokuwa chumba kimoja, cha Mama Vifungo. Nani angekubali kukaa mle akipekua? Kila aliyeingia alifanya lililompeleka akatoka mbio. Sumaku akavaa gauni, barakoa na glavu, akaingia.

Dirisha halikufunguka. Sinia la chakula lilikuwa limesukumwa hatua moja tu kutoka mlangoni. Mama Vifungo alikuwa ameketi kitandani, nywele zimesukwa mistari myembamba, mizuri kwelikweli.

"Shikamoo, mama. Nani kakusuka?"

"Marahaba, mwanangu. Yule mhudumu."

Sumaku akatazama vidole vyake vinene vya mpira. Kwa glavu hizi mistari ile isingewezekana, na kazi yenyewe ilitaka saa nzima ya kukaa kitako. Anayejua mgonjwa bado ni hatari hakai hivyo; mhudumu kweli hakukuta kibao.

"Amefungiwa stoo. Wanasema aliiba kibao cha mlango wako."

"Yule? Hana kosa."

"Basi kibao kiko humu. Ninyanyue godoro?"

Mama Vifungo akaingiza mkono chini ya godoro mwenyewe, akakitoa.

"Nilifungua mlango kidogo tu, nikakivua."

"Kwa nini?"

"Tangu niletwe humu sijaguswa na mtu. Ni mpira tu. Binti yangu mwenyewe hunipungia mkono kwenye kioo, kisha huyo, anaondoka. Nimechoka, mwanangu. Nilitaka siku moja tu nishikwe. Yule mhudumu akaja anacheka, akakaa hapa, akanisuka. Nililia kwa raha."

"Ulielezwa kwamba ungeweza kuambukiza wengine?"

"Nilielezwa. Nikajiambia siku moja haina neno."

"Fundi wa chumba cha pili amefariki kwa bakteria wako."

Mama Vifungo akaugeukia ukuta.

"Yule aliyekuwa akiimba?"

"Sikumjua akiwa hai, mama."

"Alikuwa akiimba jioni. Mimi nikigonga ukuta, naye anarudia upya. Ndiye huyo niliyemuua?"

Aliyoyasikia Sumaku yalitosha kumfikisha mtu mahakamani, na kwa mara ya kwanza hakufurahia kushinda. Akaita kupitia mlango mhudumu afunguliwe, arudi kwa wanawe.

Mama Vifungo akamnyooshea mikono yote miwili.

"Nifunge pingu, nipeleke rumande. Afadhali huko kuna watu."

"Hutoki humu, mama, mpaka upone. Ataletwa askari wa kukulinda."

"Ataingia ndani?"

"Atakaa nje," alisema Sumaku, akageukia mlango, akaanza kuvua glavu.