Kisanduku cha Kuua Kelele

Kifuniko cha sufuria kilimponyoka mke wa injinia, kikagonga sakafu, kikazunguka kama pia, kikalala. Hakikutoa sauti hata chembe.

"Baba Kinanda!" aliita. "Sufuria zetu zimekuwa na adabu tangu lini?"

Mumewe alicheka. Kazini alikuwa injinia wa umeme anayeheshimika. Nyumbani alikuwa mtu wa kuunguza zulia kwa chuma cha kulehemu. Kengele ya mlango aliyoiunda mwenyewe ililia kila friji ilipowaka, na bado aliisifu mbele ya wageni. Safari hii alikuwa ameunda kisanduku cha kuua kelele: maikrofoni ilinasa mngurumo wa jenereta la fundi cherehani, jirani yao, kisha spika ikarusha sauti iliyo kinyume chake, na hizo mbili zikamalizana hewani. Yote hayo ili binti yao apate usingizi wa mchana. Walimwita Kinanda kwa sababu aliimba akila, akioga, hata akikaripiwa.

Siku alipokiwasha, mngurumo ulikatika ghafla, ingawa moshi wa jenereta uliendelea kupita dirishani. Kisha spika ikakohoa. Chumba kikanuka petroli.

"Nilikuwa nakaa ndani ya mngurumo ule," ilisema sauti nzito. "Umeubomoa. Nikae wapi?"

Injinia alijua huo ni utani wa fundi cherehani tu. "Hamia popote, bwana! Hata kwangu karibu. Kodi sitaki."

Kesho yake ndipo kifuniko kilipoanguka kimya. Ukafuata mlango wa jikoni, kisha maji ya bomba, kisha ndala za mkewe mwenyewe zikipita ukumbini kama za mtu asiyekuwepo.

"Zima hilo dude, mume wangu," mkewe alinong'ona. "Nakusihi."

"Hitilafu ndogo tu. Nikiliongezea nguvu kidogo litatulia."

Akaongeza. Alikuwa mtu wa kutibu moto kwa kiberiti.

Alasiri hiyo mkewe aliingia chumbani kumwamsha mtoto, akamkuta amesimama, kidole kimebanwa na mlango wa kabati, kinywa wazi, mishipa ya shingo imemtoka, machozi yamelowesha gauni mpaka tumboni, akilia kwa nguvu zake zote tangu saa asiyoijua mtu, bila sauti, huku harufu ya petroli ikizidi kuwa nzito na nyuma ya kabati kitu kikicheka taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa nyumba akaipenda.

Mganga aliletwa mbio, mama wa mtaa wa pili asiyetishwa na kitu. Alinusa mlangoni, akafungua kinywa kuanza dua. Midomo ilikwenda, sauti haikutoka. Alishika koo lake, macho yakamtoka, kisha akavua kiatu na kukielekeza kwenye kisanduku.

Injinia alikipokea kiatu. Alikipiga kisanduku mpaka spika ikapasuka, mpaka nyaya zikamchana vidole, mpaka sauti zote zikarudi kwa pamoja: bomba, ndala, dua ya mganga iliyoanzia katikati, na mkewe akilia kwa kwikwi huku amemkumbatia Kinanda.

"Mwanangu," alisema injinia. "Niimbie baba. Wimbo wowote."

Kinanda alimlalia mama yake kifuani, macho amefumba.

Fundi cherehani akachungulia dirishani. "Injinia, umelifanya nini jenereta langu? Linazunguka, linatoa moshi, lakini halingurumi."

"Nyamazeni," alinong'ona mganga.

Wakatega masikio. Mngurumo ulikuwepo. Ulikuwa chini, wa karibu, na mama yake Kinanda alikuwa ameusikia kabla yao, kwa maana ulimtetemesha mbavu. Alimwinua mtoto polepole, akainusa pumzi yake, akageuza uso.

Kinanda alifumbua macho na kumtazama baba yake.

"Kodi," ilisema ile sauti nzito kutoka kinywani mwa mtoto, "si ulisema hutaki?"