Sijapikiwa, Nimechotewa

Soko la jumla lilikuwa limefurika asubuhi hiyo. Wapagazi walipiga kelele za kuomba njia, magunia ya viazi yakipita juu ya vichwa vya watu, na katikati ya vurugu zote lori refu la kabichi lilikuwa linarudi nyuma kuingia uchochoro ambao hata baiskeli huupita kwa kuomba radhi. Nyuma ya lori, kalipa mgongo, alikuwa ameinama mpishi wa shule moja ya bweni, anachambua vitunguu kimoja kimoja. Honi ikalia. Hakugeuka. Ikalia tena, akainua mkono bila kutazama, yaani subirini, nina kazi.

Lori likazimwa, mlango ukafunguka, akashuka dereva. Alivaa ovaroli ya bluu, mikono imekunjwa mpaka kwenye kiwiko, na kitambaa chekundu kichwani. Masikioni alining'iniza hereni ndefu za shaba, zile za kuvaliwa na mtu anayejua anatazamwa na hajali.

"Kaka, unataka kufa na kitunguu mkononi?"

Mpishi akageuka, akamwona, akainuka na kitunguu chake. "Na wewe dada, utakuja kuniua kwa kabichi kweli?"

Wapagazi wakacheka. Dereva akamwambia kwa kuwa ana mdomo basi autumie vizuri, asimame pale pembeni amwelekeze. Akamwelekeza. Kulia kidogo, lete, lete, kata kushoto, hapo. Lori likaingia bila kugusa ukuta. Mpishi akabaki amesimama mikono hewani kazi ikiwa imekwisha, na tangu saa hiyo aliyekuwa hajui aelekee wapi ni yeye.

Namba ya simu aliipata kwa kisingizio cha kabichi. Shule haikuwa na haja ya kabichi wiki hiyo.

Basi wakawa watu wa simu. Yeye dereva akiwa kwenye foleni ya mizani, malori mbele, malori nyuma, anapiga. "Mpishi wangu, masufuria yamekuachia nafasi ya kunikumbuka?" Na huyu wa jikoni, mwiko mkubwa kama kasia mkono mmoja, simu kabana kwa bega, anajibu kwamba yeye hakumbuki, kwani hajasahau. Walitaniana hivyo mpaka uji wa wanafunzi ukaanza kushika chini, wakubwa wakamuuliza siku hizi ana nini. Na kila dereva aliporudi mjini, alimkuta mpenzi wake kwenye kituo cha mafuta na hotpoti ya wali na maharage imefungwa kwa kitambaa safi. Alikula ndani ya lori, milango imefungwa, miguu juu ya dashibodi, akifumba macho.

Sasa nikwambie kwa nini hotpoti ile ilimgusa hivyo. Huyu dereva ndiye mtoto wa kwanza kwao, na nyuma yake ni wadogo wa kiume watupu. Alipika tangu alipokuwa anapanda kigoda kufikia sufuria, akala wa mwisho, akala ukoko. Alipopata mchumba, mchumba akampeleka jikoni kwao apikie ukoo mzima, shangazi wakaonja, wakatazamana, wakasema binti ana mkono mzito wa chumvi. Uchumba ukaishia hapo, kwenye chumvi. Aliyeachwa alilia siku moja, akaenda kujifunza kuendesha malori, na akaapa kwamba hatapika tena ili aonekane anafaa. Atakayemtaka atamtaka na usukani wake. Kwa hiyo mwanamume aliyempikia yeye, akamfungia na kitambaa, huyo alimpa moyo wote.

Mama yake mpishi naye alikuwa na yake. Mwanawe alipomweleza habari za dereva, mama akasema hana ugomvi na lori. Alete tu binti Jumapili, apike, watu wale, wamjue. Dada yake mpishi akadakia kwamba wifi anayejua gia tu atawalisha dizeli.

Mpishi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga wa mama yake, ugonjwa unaowapata wanaume wengi wenye ndevu. Akatafuta siku nzuri ya kulisema lile jambo, na kwa bahati yake akachagua siku mbaya kuliko zote.

Maana siku hiyo dereva alipewa mzigo wa kabichi wa kupeleka shuleni, hapohapo anapofanya kazi mpenzi wake. Akaona atamfurahisha kwa kumshtukiza. Akaegesha lori nyuma ya jiko, akachungulia. Akaona foleni ya wanafunzi, masahani mkononi, na kwenye masahani akaona maharage yale na wali ule, ule wa hotpoti. Akamwona na mpishi mwenyewe anachota kutoka sufuria lenye ukubwa wa pipa, anamwagia huyu, anamwagia yule, na pembeni, juu ya gunia, hotpoti iko wazi inasubiri zamu yake. Dereva akashusha kabichi, akaondoka bila kuaga.

Jioni simu ikalia, na mpishi akaanza na lile la mama. Alisema kwa sauti laini, eti apike mara moja tu, yaishe.

"Nipike mimi," alisema dereva.

"Mara moja tu, mpenzi. Kunisaidia."

"Wewe umeshawahi kunipikia?"

"Mbona kila ukirudi nakupikia?"

"Unapikia shule. Mimi sijapikiwa, nimechotewa."

Mpishi akataka kueleza kwamba maharage yalikuwa mazuri, na kwa kweli yalikuwa mazuri. Simu ilikuwa imekatika. Alipiga tena, ikaita peke yake. Alipiga kesho yake na kesho kutwa. Wenzake jikoni walimshauri apeleke nyama badala ya maharage, akawatazama tu. Aliumia, na kilichomuuma zaidi ni kwamba amepikia mamia ya watu miaka yote hiyo na hakuna hata mmoja anayemjua kwa jina. Yule mmoja aliyemjua, naye alimchotea na hao hao.

Akaandika ujumbe badala ya kupiga: Jumapili njoo nyumbani. Uje ule.

Hapo dereva akapiga mwenyewe. Aliuliza kama mama atakuwepo. Atakuwepo, akajibiwa, na atakula atakachokikuta.

"Nitakuja," akasema. "Lakini sikia. Mtu yeyote akinipa aproni, hata kwa utani, nageuza lori, na namba yangu uifute."

"Aproni ninayo moja tu," alisema mpishi, "na nitakuwa nimeivaa."

Jumapili mchana jiko lake dogo lilimshinda mapema kabisa. Sufuria ndogo aliazima kwa jirani, na alipoitazama hakujua aanzie wapi, maana kazini anaanzia na ndoo. Sokoni alienda kununua kuku mmoja akarudi na kuku wa kutosha harusi, kwa mazoea. Alikaanga vitunguu vizuri, nyanya zikaiva vizuri, harufu ikatoka mpaka majirani wakaanza kupita pale mlangoni bila sababu. Ikafika chumvi. Na mpishi wa shule haonji, mkono wake ndio unaojua. Mkono ukaingia kwenye kopo, ukashika konzi lake la siku zote, ukamwaga, na mwenyewe akaendelea kupiga mluzi.

Mama na dada walifika kwanza, mama na kanga zake za kutokea, wakakaa. Dereva akaja nyuma yao. Ovaroli leo iliachwa nyumbani. Alivaa gauni la kijani lililomkaa sawasawa, na viatu vya kisigino ambavyo havikuja kusimama jikoni. Alimwamkia mama kwa heshima, mama akaitikia, akampima juu mpaka chini.

"Karibu mwanangu," alisema mama. "Jiko liko kule."

Dereva alikuwa bado kashika funguo za lori mkononi. Ndipo mpishi akatokea mlangoni, aproni kiunoni, jasho usoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akamjibu mama yake mbele za watu.

"Jiko lina mwenyewe, mama. Na mwenyewe ni mimi. Huyu leo amekuja kula."

Dada akaguna. Mama akasema hakuzaa mwanamume aje avae aproni nyumbani kwake, kazini ni kazi, nyumbani ni nyumbani. Mpishi hakubishana. Alileta chakula, akapakua sahani ya kwanza, na badala ya kuiweka mbele ya mama akaiweka mbele ya dereva. Mama aliitazama ile sahani ikipita.

Dereva akala tonge moja. Wote wakamkodolea macho. Lilikuwa tonge la mtihani, na safari hii mtihani haukuwa wake. Angeweza kusema ni kitamu. Mwanamume kamtetea, kachemka na moto mchana kutwa, kakosana na mama yake, mtu mwingine angemeza na kutabasamu. Lakini aliwahi kusemwa kwa chumvi nyuma ya mlango, akaona afadhali aseme usoni.

"Ina chumvi," alisema. "Hailiki."

Mpishi akaonja. Uso ukamshuka, akaelewa mkono wake ulichofanya. Dada akaangua kicheko, akasema haya sasa, wifi aingie atuokoe. Mama hakucheka, ila alikaa vizuri kwenye kiti, kama mtu aliyepata haki yake.

"Haingii mtu," alisema mpishi. Akakusanya sahani zote, akamwaga chakula chote. "Kuku wamebaki. Napika upya. Mwenye haraka aende."

Mama akasema yeye hawezi kungoja. Dereva akavua viatu, akasema yeye atangoja, kwani huwa anangojea mizani siku nzima kwa ajili ya kabichi tu. Akaburuta kiti mpaka mlango wa jiko, akakaa, akakunja miguu. Hakumenya hata kitunguu. Alimtazama tu mpenzi wake anavyobana chumvi kwa ncha za vidole, anaonja, anaongeza punje, anaonja tena, na wakaanza kutaniana kidogo kidogo, sauti chini. Alimuuliza kama huko shuleni anaonja kwa beleshi. Akajibiwa kwamba huko hajawahi kuogopa mtu anayekula.

Mama hakuondoka. Alizunguka sebuleni, akakohoa, mwisho akaja jikoni akanyoosha mkono kuchukua mwiko, kwa sababu hakuna jambo gumu kwa mama huyu kama kukaa mtu mwingine akipika. Mpishi akamshika mkono taratibu.

"Mama, kaa. Lini mara ya mwisho umeletewa sahani umekaa?"

Mama akafungua mdomo amjibu. Akafikiri. Akafikiri tena, akarudi akakaa.

Chakula cha pili kiliiva jua likiwa linaelekea kuzama. Kilikuwa kitamu, na sisemi hivyo kwa kuwapendelea. Hata dada alikula bila maneno, na kwa huyo kunyamaza ni habari. Dereva alipomaliza akanawa, akafuta mikono, akamgeukia mpishi mbele ya wote.

"Mimi nataka kuolewa na wewe. Nitaleta kipato changu nyumbani kama wewe unavyoleta chako, nitafua, nitadeki, mama akiumwa nitamwendesha hospitali usiku na mchana. Ila sitapikishwa ili nionekane nafaa. Unanitaka hivyo?"

"Nakutaka hivyo," alisema mpishi.

"Hata mbele ya mama?"

"Hata mbele ya mama. Nakupenda, na sijui nilikuwa namwogopa nani."

Mama akaweka mkono mezani. "Mimi hapa sijakubali kitu."

"Hatujakuomba, mama," alisema dereva, kwa adabu zote. "Tumekuambia."

Mama akamtazama dereva. Akamtazama mwanawe. Kisha akaisukuma sahani yake mbele, kwa mpishi.

"Niongeze mchuzi," alisema. "Kama ni kukataa, nitakataa nimeshiba."